Fugwe Niliyoiita Sumu

Ninyi mnaoanza kazi ya ugani mwaka huu nawaona mkipita hapa Nkuhungu na pikipiki zenu mpya, vishikwambi mgongoni. Mnasalimia vizuri, na shikamoo zenu nazipokea kwa moyo mmoja. Lakini mna kasoro: mnaamini haraka. Mkulima akiwaambia amepanda kwa mstari, mnaandika amepanda kwa mstari. Muuza pembejeo akiapa mbegu zake ni halisi, mnaondoka mkimshukuru. Mimi nimekuwa bwana shamba miaka zaidi ya thelathini katika vijiji vya Bahi, na kilichonifikisha kwenye kustaafu nikiwa na jina ni kushuku. Kilichokaribia kuniharibia jina hilo, na kumuua mama wa watu, ni kushuku hukohuko pamoja na uongo mmoja. Nitawaeleza vyote, ila mnivumilie, maana mzee hasimulii kwa mstari.

Aliyenifundisha kushuku ni Bwana Lameck, mkuu wangu wa kwanza. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuamini kitu ambacho hajakitia mdomoni. Wiki yangu ya pili kazini nilimpelekea taarifa kwamba mahindi ya mzee fulani yako makavu, yanafaa kuwekwa ghalani. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikasema, "Mwenyewe ameniambia." Alinitazama kwa huruma kabisa. Wiki sita baadaye magunia yale yalifunguliwa yakiwa na ukungu wa kijani na harufu iliyotutoa nje sote. Mwenye mahindi alilia, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo alinionyesha jambo ambalo nawapa bure. Chukua chupa kavu, tia punje mpaka theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, halafu iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini inacheza, shona gunia. Hiyo haihitaji mtandao wala betri. Siku hizi mna vifaa vya kupimia unyevu vinavyotoa namba, na mimi navionea wivu, lakini nimeona mara mbili kifaa kikidanganya na chupa ikisema kweli.

Nilipokomaa, kushuku kukawa ndio macho yangu. Mkulima akinikubalia ushauri kabla sijamaliza sentensi, nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba kuangalia jembe lina udongo wa lini. Wakati mmoja mama mmoja alinionyesha ekari nzuri ya mtama, nikampongeza, nikampiga picha, kumbe shamba ni la shemeji yake na lake liko ng'ambo ya korongo, magugu matupu. Tulicheka naye baadaye, lakini siku ile nilinuna mpaka nyumbani.

Sasa nije kwenye uongo.

Fugwe, ule ugonjwa wa ukungu wa mahindi, mnaijua kutoka darasani. Mimi niliijua kwa kuipaka suruali. Hindi linavimba mavimbe ya kijivu, laini, yanayong'aa kidogo, yanapasua maganda kana kwamba mtu amejaza ndani. Yakikomaa yanapasuka na kumwaga vumbi jeusi, na vumbi hilo likikaa shambani, msimu ujao unalo tena. Tiba yake haina maajabu. Unakata hindi likiwa bado changa, kabla ya vumbi, unalichoma au kulifukia mbali na shamba. Usilitupe zizini, kwa sababu samadi ile itarudi shambani na ugonjwa wake.

Niliyasema hayo kijiji kimoja upande wa Bahi, ambacho jina lake nalihifadhi, misimu mitatu mfululizo. Walinisikiliza, wakanipa ubuyu, na wakaendelea kutupa zizini. Wilayani wanataka taarifa, mimi sina cha kuandika. Basi siku moja mkutanoni nikachoka, nikanyanyua hindi lenye fugwe nikasema, "Hii ni sumu. Mtu akiila hafikishi kesho. Anayeiweka karibu na nyumba yake anaweka kaburi."

Jioni ileile moshi ulipanda kila upande. Uongo ulifanya kwa saa tatu kazi ambayo ukweli ulishindwa kwa miaka mitatu. Niliona fahari, siwafichi. Bwana Lameck alikuwa amesimama nyuma ya watu, akiwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Hilo utalijibu wewe, si mimi." Nikadhani ni wivu wa mtu anayeondoka kazini.

Miaka ikapita. Kijiji kile kikawa cha mfano kwa kuchoma fugwe, na maneno yangu yakawa maneno yao. Watoto walikua wakijua kuwa fugwe inaua, kama wanavyojua kuwa moto unaunguza.

Nikiwa na mwaka mmoja tangu nistaafu, akaja kwangu Bi Zuhura. Ni mwenyeji wa mjini hapa, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja na misafara enzi hizo wakaoa, wakabaki. Ana mgahawa mdogo Chimwaga, wateja wake wengi ni wanafunzi wa chuo. Alikuja amejitanda kanga safi, mkononi ana daftari. Mtu mzima mwenye daftari huwa namshuku papo hapo.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Nani amekuelekeza kwangu?"

"Kila niliyemuuliza amekutaja wewe."

"Wananitaja kwa lipi?"

Akacheka. Kumbe miaka ya nyuma alimpangisha chumba dada mmoja wa Kimeksiko aliyekuja chuoni kwa utafiti wake. Dada yule alikaa miaka miwili, akamfundisha mapishi ya kwao, akaondoka akamwachia kitabu na sanduku la karatasi za rangi. Tangu hapo Bi Zuhura hana mazungumzo mengine. Mpungate, huu ambao sisi tunaukata na kuulaani, kumbe huko majani yake ni mboga, unaparua miiba, unakatakata, unakaanga. Kuna kadudu keupe kanakoishi juu yake, ukikasaga kanatoa rangi nyekundu ya kutia nguo na kuchorea picha. Nyanya imetoka huko, parachichi limetoka huko, pilipili imetoka huko. Halafu akasema mahindi nayo yametoka huko. Hapo nikakunja uso. Ugali tumekula tangu mababu, leo mtu anakuja nao na pasipoti!

"Wewe umewahi kufika Meksiko?" nikamuuliza.

"Kufika wapi, mzee wangu? Hata Zanzibar sijafika."

Kisha akatoa shida yake. "Natafuta mahindi yenye fugwe. Ile changa, ya kijivu, kabla haijawa vumbi."

"Ya nini?"

"Ya kula. Huko kwao ni chakula cha heshima, wanauziana sokoni. Nimesoma kuwa haina sumu, lakini kusoma ni kusoma, mtaalamu ni wewe. Je, ina sumu?"

Vijana wangu, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu miaka yangu ya kwanza kazini. Fugwe inalidhuru shamba, haimuui mtu. Neno moja tu lilihitajika, nalo ni hapana. Lakini kulisema neno lile ilikuwa kukubali kwamba nilidanganya kijiji kizima, tena mbele ya mwanamke mwenye daftari. Nikamwambia, "Kamuulize aliyekutuma."

Sikuishia hapo. Siku ya pili nilikwenda Chimwaga kumchunguza. Mgahawa wake ulikuwa safi, hilo namkubali. Lakini juu, kutoka ukuta hadi ukuta, alikuwa ametundika kamba za zile karatasi, nyekundu, zambarau, manjano, zimekatwa kwa mkasi kwa ustadi wa ajabu, na picha zake zilikuwa mafuvu ya watu. Mafuvu yanacheka, moja limevaa kofia. Wanafunzi wanapiga picha chini yake wakila. Akanieleza kwamba huko kifo wanakitania ili wasikiogope. Nikasema ndiyo, ndiyo, huku natafuta mlango kwa macho. Jikoni alikuwa anachemsha mahindi kwenye maji ya majivu ili yatoke maganda, ayasage yangali na maji, atengeneze chapati. Akanikaribisha. Nikamwambia nimefunga.

"Umefunga? Wewe si muumini wa Kanisa lile la Nkuhungu? Mwezi huu mnafunga nini?"

"Nimefunga kwa ajili ya mvua," nikajibu, nikaondoka na njaa yangu.

Majivu, mafuvu, fugwe. Niliyajumlisha njiani yakatoa jibu baya. Nilipofika nyumbani nikampigia mwenyekiti wa kile kijiji. "Kuna mama wa mjini anaweza kuja huko kutafuta fugwe. Sijui nia yake. Fungueni macho." Nilikata simu nikijiona nimefanya kazi hata nje ya ajira.

Bi Zuhura alikwenda kweli kijiji kile, maana kilijulikana kwa habari za fugwe, kwa bodaboda, na kapu lake. Mkulima mmoja aitwaye Yona alimpa mahindi mawili ya fugwe kwa kushangaa tu, na mkewe, Mariamu, akamkaribisha chai. Alirudi mjini, akapika, akala, akafurahi. Wiki moja baadaye akarudi kutafuta mengine. Hakujua kwamba siku ya tatu baada ya ile chai, Mariamu alishikwa na homa na tumbo, akapelekwa zahanati kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Asubuhi ile aliyorudi, simu yangu ikaita. Alikuwa mwenyekiti. "Mbukwa, Bwana Shamba. Yule mtu wako tumemkamata na sumu yake. Njoo uwaambie watu ni nini, maana mimi nimeshindwa kuwashika."

Nilichukua bodaboda. Njia nzima nilijiambia kwamba nilishuku sawasawa. Nilijiambia hivyo mpaka nilipoona ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Bi Zuhura alikaa kwenye kigoda mlangoni, kanga imemchanika begani, kapu liko mezani mbele yake. Dereva aliyemleta alikuwa ameketishwa chini, uso umevimba. Kijana mmoja alizungusha simu yenye picha za yale mafuvu ya mgahawani, kila aliyeiona akishika mdomo. Mwingine alikuwa ameegemea tairi kuukuu la pikipiki, na halikuwa la kukalia. Mnajua matairi hayo hufanya kazi gani.

"Huyu alikunywa chai kwangu!" Yona alikuwa anapiga kelele. "Amekaa jikoni na mke wangu! Mtu mwema anakusanya sumu kwenye kapu kwa kazi gani? Mseme ninyi!"

"Mchawi huyo!" sauti ikatoka nyuma.

Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Tulieni. Aliyetufundisha habari ya hii kitu amefika. Mzee, waambie. Hii ni nini?"

Akanikabidhi hindi. Lilikuwa zuri, naomba nitumie neno hilo, fugwe changa, ya kijivu, imara. Bi Zuhura akainua uso akanitazama. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi nilikuuliza."

Ningeweza kusema ni fugwe na kunyamaza. Ningesema mpelekeni polisi, hilo si langu, mimi nimestaafu. Nilipiga hesabu ya jina langu, nawaambieni kweli, nilisimama pale na nikafikiria jina langu kabla ya shingo ya yule mama. Aibu yake ninayo mpaka leo. Kisha nikatazama lile tairi.

"Hii ni fugwe," nikasema. "Inaharibu mahindi. Haiui mtu. Niliwaambia ni sumu kwa sababu mlikataa kuchoma. Niliwadanganya."

Yona alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Unamtetea kwa sababu mnajuana. Ndiyo maana ulimjua kabla hajafika."

"Nilimjua kwa sababu nilimshuku bure."

"Basi kula."

Wote wakaitika: ale! Jiko la karibu lilikuwa la Bibi Debora, mama mzee anayekaa kiambaza kimoja na ofisi, ambaye kwa miaka yote alinipa maji ya kunywa kila nilipokuja kuhutubu. Akawasha moto. Bi Zuhura aliambiwa apike yeye mwenyewe, mbele ya watu. Kitunguu kilimponyoka mara mbili, lakini alivyoanza kukaanga, mikono ikakumbuka kazi. Mafuta, kitunguu, pilipili moja mbichi, chumvi. Fugwe ilipoingia ikanyauka, ikageuka nyeusi kama wino, ikatoa maji yake. Watu wa mbele wakarudi nyuma.

Nilikula sahani nzima. Yeye akala pamoja nami, kutoka sahani hiyohiyo. Mkitaka kujua ladha, ni kati ya uyoga na hindi bichi la kuchoma, na ndani yake kuna udongo baada ya mvua ya kwanza. Ni tamu. Nimekaa na hasira na mwanamke yule kwa sababu ya kitu kitamu.

Kisha tukakaa. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu walitaka kuona nikianguka. Mwenyekiti alinipa kiti, akanitazama vidole kama vimebadilika rangi. Wanawake walipeana zamu kwenda kuchota maji na kurudi kunikagua. Mchana ulipogeuka, dada yake Mariamu alipiga simu kutoka zahanati: mgonjwa ameanza kunywa uji, wamempima, ni homa ya matumbo, na muuguzi anataka kila nyumba inayochota kisima cha bondeni ichemshe maji. Yona alisikiliza, akaomba arudiwe, akasikiliza tena. Halafu akaenda akakaa peke yake nyuma ya ofisi. Yule kijana wa tairi akaliviringisha taratibu akatokomea nalo, hakuna aliyemwangalia.

Bi Zuhura alipakiwa kwenye bodaboda nyingine, yule dereva wake wa kwanza hakuweza hata kuona njia. Nilimshika mkono nikamwomba msamaha. Hakuukataa wala kuupokea. Alisema, "Ungenijibu siku ile nilipokuuliza, mzee," na akaondoka. Kapu lake aliliacha. Nasikia karatasi zile za mafuvu amezishusha.

Nikabaki mimi na Bibi Debora, anakosha sufuria. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa nimejiandaa hata kujisifu kidogo moyoni, kwamba mzee amejitoa.

"Bwana Shamba," akasema, bila kuinua kichwa.

"Naam, Bibi."

"Mwaka ule wa njaa. Mlituletea mbegu za msaada, zile zilizopakwa dawa nyekundu. Mvua ikakatika, mbegu zikabaki. Ukapita nyumba kwa nyumba ukatwambia tusizile, ni sumu, hata tukiziosha tutakufa. Tuzifukie."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa na debe. Nilikuwa na watoto saba ndani wanatafuna mizizi. Nilichimba shimo kule nyuma nikazifukia, wakinitazama. Mdogo wao hakuuvuka mwaka ule." Akaiweka sufuria chini. "Nazo zilikuwa uongo wa kutufanya tutii?"

"Hapana, Bibi! Zile zilikuwa sumu kweli. Ile ni dawa ya wadudu na ukungu, inaua mtu. Ungewapa wangekufa wote saba."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinimaliza. Alikuwa anatafuta usoni mwangu alama ya kumwonyesha lini nasema kweli, na alama hiyo hakuiona, kwa sababu uso nilioutumia siku ya fugwe na uso nilioutumia siku ya mbegu ulikuwa mmoja.

Nilirudia. Nilimwapia kwa Mungu. Akasema tu, "Haya," akaanika sufuria juani, akaingia ndani.

Nimerudi kwake mara nyingi tangu hapo. Namkuta, tunasalimiana, ananipa maji, ila swali lile harudii tena. Fugwe niliweza kuila mbele ya watu wakaniamini. Zile mbegu, ili Bibi Debora aniamini, ingebidi nizile.